Chupa Tatu za Magnetaiti: Fomula Moja, Tabia Tatu

Kwa miezi saba sasa maabara yetu ndogo jijini Kampala imekuwa ikitumia chembe-nano za oksidi ya chuma zilizonunuliwa kwa wauzaji watatu tofauti. Tathmini hii nimewaandikia mafundi wa maabara, wahadhiri na wanafunzi wa uzamili wanaokusudia kununua bidhaa ya aina hiyo, iwe kwa fedha za mradi au kwa fedha za mfukoni mwao. Sisi hupima majani ya mihogo ili kujua kama yana virusi vya batobato, ugonjwa ulioharibu mashamba mengi ya Uganda katika miaka ya 1990, na hatua ya kwanza ya kipimo hicho ni kutoa DNA kwenye jani. Seti kamili za kufanyia kazi hiyo kwa sumaku huagizwa kutoka ng'ambo, huchelewa kufika, na bei yake humfanya mhasibu wetu avue miwani. Kwa hiyo tuliamua kununua chembe tupu za magnetaiti, oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku, kuzivika silika (dutu ileile ya mchanga na kioo, ambayo DNA hunata juu yake) sisi wenyewe, na kuzitumia kunasa DNA.

Wauzaji sitawataja, kwa kuwa mmoja wao ni dalali anayeuza kilichofungashwa na wengine, na kwa kuwa kasoro kubwa niliyoikuta ilikuwa kwenye chupa zote tatu. Kila lebo iliandikwa Fe3O4, fomula ya magnetaiti. Kila lebo ilitaja kiwango cha usafi na ukubwa wa chembe kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita: ya kwanza chini ya 50, ya pili 10, ya tatu 10 hadi 15. Hakuna hata moja iliyosema chembe hizo zilitengenezwaje. Nilipompigia simu muuzaji wa kwanza na kumwuliza, alinijibu kwa upole, "Ssebo, zote ni nano," kana kwamba nilitaka kujua sukari yake imetoka Kakira au Lugazi. Sukari ya Kakira na ya Lugazi hukoleza chai sawasawa. Chembe hizi hazina usawa huo.

Magnetaiti ya kipande kikubwa, kama jiwe lililochimbwa ardhini, hufikia kilele cha usumaku cha takriban emu 92 kwa gramu (emu ni kizio cha usumaku) katika joto la kawaida. Ikipunguzwa hadi nanomita chache, mambo mawili hubadilika kwa pamoja. Kwanza, chembe iliyo chini ya nanomita 20 au 30 hivi huwa supaparamagneti: joto la chumba huugeuza mwelekeo wa usumaku wake mara nyingi na kwa haraka kiasi kwamba, sumaku ya nje ikiondolewa, chembe haibaki na usumaku unaopimika. Mwanafizikia Louis Néel alilieleza jambo hili kinadharia mwaka 1949, na kwetu ndiyo sifa tunayoilipia, maana tunataka chembe zikusanyike sumaku inapokaribia na zitawanyike inapoondoka. Pili, sehemu kubwa ya atomi huwa usoni, na atomi za usoni, kwa kukosa majirani upande mmoja, haziuelekezi usumaku wao sambamba na zile za ndani. Uso uliovurugika hushusha kilele, na uso uliotulia hukiacha karibu na kile cha jiwe. Uso umevurugika kiasi gani, fuwele ina kasoro ngapi, chembe zinalingana kwa kiwango gani na nini kimezing'ang'ania kwa nje, hayo yote huamuliwa na namna zilivyotengenezwa, na mnunuzi aliyepewa namba ya nanomita peke yake hajapewa hata robo ya habari.

Chupa ya kwanza ilikuwa unga mkavu mweusi, gramu 100 kwa shilingi 420,000, ambao ulisafirishwa kwa barabara kupitia Malaba na kufika ukiwa umefungwa ndani ya kaveera (mifuko ya plastiki) mbili na mkebe. Kwa bei hiyo tulifurahi, na furaha iliongezeka tulipousogezea sumaku tuliyoitoa kwenye diski ya kompyuta mbovu, kwa kuwa unga wote uliruka na kusimama wima kama manyoya ya nungunungu. Hatuna mashine ya kupimia usumaku, hivyo tulitumia mizani ya maabara kwa njia ya zamani: sumaku huwekwa juu ya mizani, mizani hurudishwa kwenye sifuri, kisha kijibomba chenye uzito unaojulikana wa unga huning'inizwa juu yake kwa kimo kilekile kila mara. Unga unavyoivuta sumaku kwenda juu, mizani huonyesha uzito uliopungua. Kipimo hiki hakitoi emu kwa gramu, lakini hulinganisha sampuli moja na nyingine kwa uaminifu wa kutosha, mradi sumaku yenyewe isikae karibu mno na chuma cha mizani. Kwa kipimo hicho, chupa ya kwanza iliwashinda wenzake wote kwa mvuto wa kila gramu.

Matatizo yalianza sumaku ilipoondolewa. Tuliuweka unga ndani ya maji, tukautikisa kwa mawimbi ya sauti kwa dakika kumi, na kwa muda ukaonekana kama wino. Tulipousogezea sumaku mara moja tu na kuiondoa, tope lililokusanyika ukutani lilibaki tope, na hata kulitikisa tena kulitoa vipande vipande vilivyozama chini kabla ya mtu kumaliza kuandika namba ya sampuli. Chembe hizo zilikuwa zimebaki na usumaku wao na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Rafiki katika chuo kikuu kimoja alitusaidia kupata picha ya hadubini ya elektroni na kipimo cha eksirei, na jibu likawa wazi: chembe zilikuwa na maumbo ya vigae vya chungu kilichovunjika, nyingine za nanomita chache na nyingine zaidi ya 100, na pamoja na magnetaiti palikuwa na hematiti, oksidi nyingine ya chuma. Muuzaji, baada ya kubanwa kwa barua pepe ya tatu, alikiri kwamba unga huo ulisagwa kwa kinu cha gololi.

Kusaga si dhambi. Mhandisi Steve Papell wa NASA alipotengeneza umajimaji wa sumaku mwaka 1963, alianza na magnetaiti iliyosagwa ndani ya kinu kwa muda mrefu pamoja na mafuta ya taa na asidi ya oleiki, ambayo ni asidi ya mafuta, na hadi leo kinu ndiyo njia rahisi ya kupata kilo nyingi za unga. Lakini gololi huvunja fuwele bila kuchagua, huacha mikazo na kasoro ndani yake, humomonyoka na kuacha vumbi lake ndani ya bidhaa, na hewa ikiwemo ndani ya kinu, sehemu ya magnetaiti inaweza kugeuka hematiti, ambayo karibu haivutwi kabisa na sumaku. Ukubwa unaotajwa kwenye lebo ya unga wa namna hiyo mara nyingi ni wa kipande kidogo cha fuwele kilichosomwa kwa eksirei. Chembe nzima inaweza kuwa mkusanyiko wa vipande vingi hivyo, na nyingine ni kubwa kupita mpaka wa supaparamagneti. Ndiyo maana mvuto wake ni mkubwa na utawanyikaji wake ni mbaya, kwa sababu moja na ileile.

Tulipoivika silika kwa njia ya Stöber ya mwaka 1968, inayootesha silika ndani ya alkoholi, silika ilifunika madonge badala ya kufunika chembe moja moja. DNA ilinaswa, hilo sikatai, lakini sehemu yake ilibanwa ndani ya madonge na haikutoka kwa kuoshwa, na chuma kilichochuruzika kwenye pembe zisizofunikwa kilizuia PCR, yaani hatua ya kuzidisha nakala za DNA, katika sampuli kadhaa. Kwa mwalimu wa sekondari anayetaka kuwaonyesha wanafunzi nguvu ya sumaku, chupa ya kwanza ina thamani ya kila shilingi, ingawa mwalimu wa Tororo anaweza kuburuta sumaku kwenye udongo wa vilima vya Sukulu na kupata magnetaiti ya kuonyesha bila kulipa chochote. Kwa kazi yetu ya vipimo naipa nyota mbili kati ya tano.

Chupa ya pili ni kisa kifupi na cha gharama. Ilikuja ikiwa na mililita tano za heksani, kiyeyusho kisichochanganyika na maji, zenye chembe zisizozidi miligramu 25, kwa zaidi ya shilingi milioni moja, bila kuhesabu usumbufu wa kusafirisha kimiminika kinachoshika moto haraka. Chembe zake hazikuwa na doa lolote kwa macho: kimiminika cheusi kinachopitisha mwanga wa kahawia pembeni, bila punje hata moja iliyozama baada ya wiki sita, na katika picha ya hadubini zilipangika kama mbegu za alizeti kwenye ua lake, zote za kimo kimoja. Harufu ya mafuta ya kupikia yaliyochacha iliyobaki heksani ilipokauka ilinieleza asili yake kabla sijauliza. Hizi zilitengenezwa kwa kuvunja kampaundi ya chuma kwa joto kali ndani ya kimiminika kisicho na maji, asidi ya oleiki ikizishika kwa nje ili zisikue ovyo. Watafiti Sun na Zeng walichapisha njia ya namna hii mwaka 2002, na mwaka 2004 kundi la Taeghwan Hyeon huko Korea Kusini likaonyesha jinsi ya kutengeneza makumi ya gramu kwa mkupuo mmoja kwa kutumia oleati ya chuma, yaani chuma kilichounganishwa na asidi ya oleiki. Siri yake ni wakati: mbegu zote za fuwele huzaliwa karibu kwa pamoja katika joto la juu, kisha hukua kwa mwendo mmoja, na joto hilohilo hunyoosha kasoro za ndani.

Hata hivyo, sumaku yetu haikuzivuta. Nilisubiri nusu saa, nikaenda kunywa chai, nikarudi, na kimiminika kilikuwa vilevile. Chembe moja ya nanomita 10 ina ujazo mdogo mno, na kwa kuwa nguvu ya mvuto hutegemea ujazo, msukosuko wa molekuli za kimiminika huishinda sumaku ya kawaida. Usawa uliolipiwa kwa fedha nyingi ndio ulioinyima chupa hii uwezo wa kufanya kazi tuliyoitaka. Zaidi ya hayo, chembe zilizovaa mafuta hazikubali maji, na kuyabadilisha mavazi hayo ni kazi ya siku mbili ambayo kila hatua yake hupoteza bidhaa. Mtu asidhani pia kwamba bei kubwa ni hakika ya kilele kikubwa cha usumaku. Chembe za njia hii, hasa zile za oleati, huweza kutoka na kiini cha FeO, oksidi nyingine ya chuma, ambacho hakina msaada wowote kwa mvuto, na uzito wa asidi ya oleiki huhesabiwa pamoja na uzito wa chuma unapopima kwa gramu. Anayefanya utafiti wa picha za MRI au wa kupasha joto uvimbe, ambako tofauti ya nanomita mbili tatu hubadilisha matokeo, atahitaji chupa hii au inayofanana nayo. Sisi hatukuihitaji, na kosa lilikuwa letu, hivyo sioni haki ya kuipunguzia nyota.

Nimetumia muda mrefu zaidi na chupa ya tatu, ambayo tumeinunua mara nne. Ni mililita 100 za maji meusi, chembe zikiwa zimevikwa sitrati (chumvi ya asidi ya limau) ili zisukumane na kubaki zimetawanyika, na bei yake iko kati ya zile mbili, karibu zaidi na ya kwanza. Ukifungua kifuniko unasalimiwa na amonia kwa mbali, na harufu hiyo ni cheti cha kuzaliwa: hizi ni chembe za njia ya mashapo, ile iliyoelezwa na mtafiti Massart mwaka 1981, ambapo chumvi za chuma cha aina mbili, Fe3+ (kilichopoteza elektroni tatu) na Fe2+ (kilichopoteza mbili) kwa uwiano wa mbili kwa moja, huyeyushwa ndani ya maji na kumiminiwa amonia au magadi makali hadi mashapo meusi yajitokeze papo hapo. Haihitaji nyuzi joto 300 wala vimiminika vya hatari. Hata sisi wa Kampala, ambao maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 kwa sababu ya mwinuko wa mita 1,200 hivi, hatukosi chochote, kwa kuwa nyuzi 80 zinatosha.

Urahisi huo una gharama yake. Mbegu za fuwele huzaliwa kwa wakati tofauti, kwa kuwa tone la amonia linapoangukia ndipo mashapo huanza, na pembeni bado hapajafikiwa. Matokeo yake ni chembe zisizolingana, zenye kasoro zaidi na uso uliovurugika, na kilele cha usumaku ambacho kwa kawaida huwa kati ya emu 50 na 70 kwa gramu. Mizani yetu ilikubaliana na hilo, kwani mvuto wa kila gramu iliyokaushwa ulikuwa karibu theluthi mbili ya ule wa chupa ya kwanza. Kinachomkera mnunuzi ni kubadilika kwa bidhaa kati ya toleo na toleo. Toleo la kwanza lilikuwa jeusi tii. La pili lilifika na rangi ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, likavutwa kwa uvivu, na mapato yetu ya DNA yakashuka. Muuzaji alisisitiza kwamba hakubadilisha kitu.

Kwa kuwa sikuridhika, tuliamua kutengeneza wenyewe ili tuone ni wapi rangi hiyo inapoingilia, na hatukuhitaji muda mrefu. Mara ya kwanza tulitumia salfeti ya chuma iliyokaa stoo muda mrefu, ambayo rangi yake ya kijani ilikwisha kuingia umanjano. Sehemu ya Fe2+ ilikuwa imegeuka Fe3+ kabla hatujaanza, uwiano wa mbili kwa moja ukavurugika, na mashapo yakatoka ya rangi ya kutu. Mara ya pili chumvi ilikuwa mpya na naitrojeni ya kuzuia hewa ilikuwa ikipita vizuri, lakini umeme ulikatika katikati ya kazi, kikorogeo kikasimama, na mwenzangu, kwa nia njema kabisa, akafungua chupa ili akoroge kwa kijiti cha kioo. Hewa iliingia mashapo yakiwa bado ya moto. Kufikia jioni weusi ulikuwa umeanza kuelekea kahawia, maana magnetaiti ndogo hivyo hushika oksijeni na kugeuka maghemaiti, oksidi nyingine ya chuma, ambayo bado ni sumaku lakini kilele chake hata kwa kipande kikubwa ni takriban emu 76 kwa gramu. Mara ya tatu, bila kukatika kwa umeme na bila msaada wa nia njema, tulipata mashapo meusi yanayolingana na toleo la kwanza la muuzaji. Tulijifunza pia kwamba kuongeza pH na wingi wa chumvi ndani ya maji hutoa chembe ndogo zaidi, jambo lililokwisha kuandikwa na wanakemia, lakini kuliona kwenye chupa yako mwenyewe kuna utamu wake.

Baada ya hapo nilimwandikia muuzaji wa chupa ya tatu, nikamweleza tulichokiona na kumwomba mambo matatu kwenye lebo: alkali aliyoitumia, kama alizuia hewa, na tarehe ya kutengeneza. Kati ya wauzaji wote watatu, huyu peke yake alijibu kama fundi. Alieleza kwamba toleo la pili lilitengenezwa wakati naitrojeni imemwishia.

Katika kazi yenyewe ya mihogo, chupa ya tatu imetutosheleza. Silika inapovikwa, chembe kadhaa hukusanywa ndani ya kitone kimoja, hivyo sumaku hupata kitu kikubwa cha kuvuta, ilhali kila chembe ndani yake bado ni ndogo kiasi cha kutobaki na usumaku. Kitone hufika ukutani mwa kijibomba kwa dakika mbili au tatu, na sumaku ikiondolewa hurudi majini kwa mtikiso mwepesi wa pipeti. Guanidini, kemikali tunayoichanganya na sampuli, huifanya DNA ishikamane na silika, kama mtafiti Boom na wenzake walivyoonyesha mwaka 1990, na maji safi huiachilia. Ute wa jani la mhogo, ambao huwatesa wote wanaofanya kazi hii, huoshwa vizuri mradi mtu asiwe na haraka. Silika haina usumaku, kwa hiyo ukiivika nene kupita kiasi unaulipia ulinzi kwa mvuto. Sisi tuliishia na tabaka jembamba na hatujaona tena chuma kikizuia PCR.

Kama bajeti ingeruhusu, ningetafuta bidhaa ya njia nyingine ambayo hatujaipata kwa muuzaji yeyote wa hapa: chembe za kupikwa ndani ya glikoli, kimiminika kizito cha jamii ya alkoholi, kwenye chombo kilichofungwa, kwa nyuzi 200, kama Deng na wenzake walivyochapisha mwaka 2005. Vitone vya njia hiyo huwa na nanomita mia kadhaa, na kwa mchanganyiko unaofaa kila kimoja huwa mkusanyiko wa fuwele ndogo, yaani kile ambacho sisi hukitafuta kwa silika huja kikiwa tayari. Chombo cha kustahimili mgandamizo huo tumekiulizia kwa mafundi wa Katwe, nao walitaka kwanza kujua kitalipuka upande gani.

Chupa ya tatu naipa nyota nne. Nyota ya tano niliizuia kwa sababu ya lile toleo la kahawia. Toleo la nne limefika wiki iliyopita, jeusi tii, na pembeni mwa lebo iliyochapwa mtu ameongeza kwa kalamu ya wino: amonia, naitrojeni, nyuzi 80, na tarehe. Tumeagiza nyingine mbili.